Bango Liko Getini, Simu Iko Ofisini

Karibu kila yadi ya malori Dar es Salaam ina bango lile lile. Herufi nyekundu, ukutani, ubavuni mwa kibanda cha mlinzi: marufuku sigara, marufuku pombe, marufuku dawa za kulevya. Mara nyingi limewekwa kwa ajili ya mteja. Hawa wenye mafuta na wenye kemikali za migodini hutuma mkaguzi kabla ya kusaini mkataba, na wakaguzi wanapenda mabango, wanayapiga picha. Mkaguzi akishapanda gari lake na kuondoka, utingo anarudi kwenye kivuli cha bango lenyewe, anawasha sigara yake.

Nimefanya kazi ya usalama katika yadi ya namna hiyo, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Malori yalichukua mzigo bandarini kwenda Tunduma, na mengine yalivuka mpaka kuelekea Zambia na Lubumbashi. Madereva waliniita "dada usalama", wengine kwa heshima, wengine kwa kunichokoza, nikazoea yote mawili. Watu wakisikia nilikopita huniuliza: hivi ni kweli madereva wa malori ni walevi? Jibu langu huwakera wenye makampuni kuliko madereva. Ulevi mwingi unaoingia kazini unaitwa na kazi yenyewe, jinsi ilivyopangwa na jinsi inavyolipwa. Anayetaka kuutoa aanze na ratiba yake na mshahara anaolipa, ndipo aje kwenye mifuko ya ovaroli.

Sigara kwanza, maana ndiyo watu wanayoidharau.

Kwenye gereji za malori kuna mchezo wa zamani. Kijana mgeni akionekana muoga, fundi mkuu anachukua kopo la dizeli, anavuta pafu la mwisho, halafu anaizamisha sigara humo. Inazima, tsss. "Umeona? Dizeli haishiki." Na kweli haishiki kirahisi hivyo, kwa sababu dizeli inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Shida ni kwamba kijana anaondoka na somo pana kuliko lile kopo. Kesho yake yuko pembeni ya gari la petroli, na petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam haitaiona kamwe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa chini, unaingia mitaroni na kwenye shimo la kukagulia magari, unakaa humo. Na tangi lililotoka kushusha petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwani lile tupu ndilo lenye mvuke uliochanganyika na hewa. Hili la mwisho lilinitoa jasho. Mtu akiona tangi tupu, kwake hakuna kitu humo.

Baada ya Agosti 2019 sikuhitaji maneno mengi. Tarehe 10 mwezi huo lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye njia ile ile magari yetu yanayopita, watu wakakimbilia kuchota petroli, ikalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Kwa wiki kadhaa hakuna fundi aliyezamisha sigara kwenye kopo.

Tulitenga sehemu ya kuvutia, nje ya uzio, mbali na gereji na pampu yetu ya mafuta: benchi, ndoo ya mchanga, bati la kuzuia mvua. Meneja mmoja alilalamika kwamba tunawatunza wavutaji. Mimi niliona hivi: mwenye kiu ya sigara atavuta tu, na ukimnyima benchi atavutia nyuma ya rundo la matairi, mahali ambapo sitamwona.

Kilichonishinda mwanzoni ni ghorofani. Bosi mmoja alikuwa anavuta ofisini kwake, dirisha limefungwa ili kiyoyozi kisipoteze baridi, na chumba cha pili alikaa mhasibu mjamzito. Tanzania ina Sheria ya Bidhaa za Tumbaku tangu 2003, na imeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Mwongozo wa Kifungu cha 8 cha mkataba huo, uliopitishwa 2007, unasema wazi kwamba feni, vichujio vya hewa na vyumba vya kutenga havimkingi asiyevuta. Niliuchapa ukurasa huo nikauacha mezani kwake. Mafundi walikuwa na habari kabla ya saa sita mchana, usiniulize nani aliwaambia. Siku bosi aliposhuka ngazi akaenda kukaa kwenye benchi letu na matingo, kazi yangu upande wa sigara ilipungua nusu.

(Kabini ya lori nayo ni ofisi ya mtu. Dereva anavuta vioo vimepandishwa, utingo wake anaumeza moshi ule tangu Chalinze hadi Makambako, na hana ubavu wa kusema kitu kwa sababu dereva ndiye anayeamua kama atapanda safari ijayo. Tuliliandika kwenye kanuni. Linafuatwa kiasi gani huko porini, muulize utingo, usimuulize dereva.)

Pombe ina hesabu yake, na wengi hawajawahi kuonyeshwa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe tupu. Mwili wa mwanamume wa kilo 70 huondoa gramu 7 hivi kwa saa, na ini haliongezi mwendo hata ulibembeleze vipi. Chukua dereva aliyekaa baa saa moja usiku, akanywa bia tano, akarudi kulala saa tano akijiona mtu wa nidhamu. Hizo ni gramu 100. Saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa 11, zimetoka gramu 77. Zilizobaki ni zaidi ya bia moja, naye ndiyo anawasha injini. Kikomo cha kawaida cha sheria yetu ya barabarani ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, kwa hiyo huenda akajiona hana tatizo. Lakini ana tani 30 nyuma yake, na Barabara ya Mandela mbele yake imejaa bodaboda na watoto wa shule.

Niliiandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye chumba cha madereva. Mzee mmoja, wa siku nyingi barabarani, aliisoma taratibu kisha akanigeukia.

"Sasa dada, na supu ya makongoro? Ukitia ndimu na pilipili ya kutosha si inakata?"

"Inakata usingizi, mzee wangu. Pombe iko pale pale."

"Na ukioga maji ya baridi?"

"Unakuwa mlevi aliyeoga."

Walicheka wote, yeye akiwemo, ila nilimwona anahesabu kwa vidole. Sikutaka hata kugusa kuzimua, ile bia ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa jana, ambayo kwa wengi haihesabiwi kuwa ni kunywa.

Wakati wa viroba, ile pombe kali ya vifukoni, ilikuwa mbaya zaidi. Kifuko kile kilikaa kwenye mfuko wa ovaroli bila kuonekana, kilinunuliwa kwa chenji, kilimalizwa kwa mkupuo mmoja nyuma ya trela. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na mtaro wetu wa maji ya mvua, uliokuwa unazibwa na vifuko, ukapumua. Wanywaji hawakuisha. Ila chupa ina uzito, ina mlio, inataka pa kufichwa, na bei yake inamfanya mtu afikirie mara mbili saa nne asubuhi. Wanaosema marufuku hazijawahi kusaidia kitu huwa nawakumbusha viroba.

Kipimo cha kupuliza kilipokuja, nilijiandaa kwa madereva kugoma. Hawakugoma. Saa kumi na moja alfajiri walipanga foleni getini, kila mmoja anapewa mrija wake mpya, anapuliza, mlinzi anasoma namba kwa sauti, mwenzake anaandika kwenye daftari. Mambo yakaenda vizuri hadi gari la mkurugenzi lilipotokea na mlinzi, kwa mazoea, akainua kizuizi na kupiga saluti. Foleni yote ikanyamaza. Kisha mmoja, wa nyuma kabisa, akasema kwa sauti ya upole: "Na huyu wa kiyoyozi mapafu yake hayapulizi?"

Mkurugenzi alisikia. Kwa heshima yake niseme alishuka, akaja kusimama mwisho wa foleni, akasubiri zamu yake, akapuliza. Sufuri. Mlinzi aliisoma namba ile kwa sauti ya kutetemeka kuliko zote alizosoma asubuhi ile. Lakini kilichoifanya kanuni iaminike kilikuja baadaye, siku mkubwa mmoja wa upande wa masoko, aliyekuwa na wateja hotelini hadi usiku mwingi, alipofika asubuhi na suti yake, akapuliza, kipimo kikagoma kurudi sufuri. Aliondoka kwa bodaboda. Gari lake la kampuni lilibaki yadini mchana kutwa, limeegeshwa pale kila mtu anapopita kwenda kunywa chai. Sikuhitaji tena kufundisha kuhusu usawa.

Sheria huwapa waajiri nguvu za kutosha. Kwa jirani zetu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inautaja ulevi wa saa za kazi kati ya makosa ya kumfukuzisha mtu papo hapo, iwapo umemfanya ashindwe kazi yake. Ndiyo maana makampuni mengi hukomea hapo: pima, kamata, fukuza. Sisi tuliongeza kipengele kilichozua mabishano kuliko vyote. Mtu akifika getini, kabla ya kupuliza, akasema mwenyewe "leo siko sawa", haandikiwi kosa. Haendeshi, anapewa kazi ya yadini au anarudi nyumbani, anakosa posho ya safari, basi. Wakubwa walisema watu watakizoea. Na kweli alikuwepo aliyekizoea: kila Jumatatu, bila kukosa. Kwa njia nyingine yoyote tungemjua siku lori lake likiwa kwenye mtaro. Kwa njia hii tulimjua akiwa amesimama mbele yetu, tukaweza kuongea naye.

Sasa mirungi, na hapa ofisi yenyewe inavuliwa nguo.

Jani hili lina vituko vyake. Kenya ni zao halali. Kuna familia za Meru zinazosomesha watoto kwa miraa, kama wanavyoiita huko. Ukivuka Namanga au Holili kuja huku kwetu, lile lile jani ni dawa ya kulevya, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya itakutafuta. Uingereza walilivumilia hadi 2014 ndipo wakalipiga marufuku. Kilichomo ndani, kathinoni, hupungua nguvu haraka baada ya jani kuchumwa, siku mbili hivi, ndiyo maana linasafiri mbio likiwa limefungwa kwenye majani ya mgomba. Linamwondolea mtafunaji njaa na usingizi. Au tuseme ukweli: usingizi hauondoki, unakopwa, na mwenye deni huja kudai saa kumi alfajiri, lori likiwa kwenye kona.

Sijakutana na dereva aliyekuwa anatafuna mirungi safarini kwa starehe. Wanaopenda starehe hutafuna wakiwa wamekaa, na soda pembeni, wana mazungumzo yao. Wa barabarani alikuwa anatafuna ili asipigiwe simu.

Niliielewa simu hiyo nilipokaa usiku mzima kwenye chumba cha kufuatilia magari. Skrini ina ramani, kila lori ni nukta: ya kijani inatembea, nyekundu imesimama. Saa nane usiku nukta moja ikawa nyekundu Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga. Ofisa wa zamu hakungoja hata dakika chache. Akapiga.

"Vipi, mbona umesimama?"

"Bosi, nimepumzika kidogo. Nimetoka Dar asubuhi, mizani zilikuwa na foleni."

"Mwenzako ameshapita Iringa. Unataka uikute foleni ya Tunduma imefika wapi?"

Kimya kidogo. Kisha nukta ikageuka kijani, ikaanza kupanda Kitonga.

Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wa kumpigia simu asubuhi. Lakini hebu angalia: chumba kile kipo juu ya geti, na bango la herufi nyekundu lipo chini ya dirisha lake. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa inakataza mirungi kwa mkono mmoja na kuiagiza kwa simu kwa mkono mwingine. Ukija kwenye malipo ndiyo kabisa. Dereva alikuwa na mshahara mdogo na posho ya safari. Safari nyingi, posho nyingi. Usiku wa kulala haukuwa na senti. Kwa hiyo mtu aliyeegesha gari akalala alikuwa anajikata mshahara kwa hiari yake, na bado tunamuuliza kwa nini anatafuna majani.

Vipimo haviwezi kulikamata jambo hili. Kukaa macho saa 17 mfululizo kunampunguzia mtu wepesi wa akili na mikono kwa kiasi kinachokaribia miligramu 50 za pombe kwenye mililita 100 za damu, na hilo limepimwa na wanasayansi. Dereva aliyekesha, asiyeonja kitu maishani mwake, Mlokole wa kweli, atapuliza sufuri, mkojo wake utakuwa safi, atapewa karatasi za safari na kutakiwa heri. Yule wa bangi ya Jumamosi anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo siku kadhaa baadaye, na kama ni mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa, ilhali kichwani imeshatoka zamani. Siitetei bangi, ni kosa la jinai, na sitaki mtu aliyevuta karibu na usukani. Nasema kipimo cha mkojo kinakuambia mtu alifanya nini juzi, hakikuambii yukoje sasa. Mteja mmoja alitaka kila dereva apimwe mkojo kila mwezi. Tulipomwambia tungependa kwanza abadilishe saa zake za kupokea mzigo ili dereva asilazimike kusafiri usiku, alishangaa kwamba hayo mawili yana uhusiano.

Mabadiliko yalichukua muda na yalikuwa na bei. Gari linaegeshwa saa nne usiku, mahali penye mlinzi, haliondoki kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Usiku wa kulala ukawa na posho yake, inayolipwa bila kuulizwa. Na simu ya usiku kumuuliza dereva kwa nini amesimama ikawa kosa la ofisi, lenye daftari lake, kama kosa la dereva lilivyo na lake. Hili la tatu ndilo lililoniletea maadui. Mteja mmoja aliondoka kwa sababu mzigo wake ulichelewa kuliko alivyozoea. Wengine walinung'unika, wakabaki.

Unga, yaani heroini, nitausema kwa ufupi, kwani mhusika ni mmoja na sitaki atambulike. Alikuwa fundi, hodari, nguo safi, hana hata dalili moja ya zile watu wanazozitafuta wakisikia neno teja. Alikuja mwenyewe, baada ya kusikia kile kipengele cha kusema kabla ya kupimwa, akauliza kama kinahusu na mambo mengine. Tulisema kinahusu. Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na kwingine. Ilikuwa na sharti moja ambalo waajiri hawakulijua: dozi ilinywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku, sikukuu ikiwemo. Fundi wa namna hiyo ukimwambia aingie saa kumi na mbili asubuhi, au ukamtuma Mikumi akalale siku mbili kwenye gari lililoharibika, umeivunja tiba yake kwa mkono wako mwenyewe. Tukamhamishia zamu ya kuanza saa nne na kumtoa kwenye safari za dharura. Wenzake waliuliza huyu ana cheo gani cha kuamka mchana. Tuliwajibu ana mambo ya hospitali, na tukaishia hapo. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini mwaka 1996, nao unataka tatizo hili lishughulikiwe kama ugonjwa mwingine wowote na siri ya mgonjwa itunzwe. Wakubwa hawakuvutiwa sana na Shirika la Kazi Duniani. Walivutiwa nilipowauliza kupata fundi mwingine wa umeme wa magari wa kiwango kile kutachukua muda gani.

Sehemu iliyobaki na tobo hadi naondoka ni malori ya kukodi. Bandarini kukifurika mzigo, kampuni huchukua magari ya watu binafsi, na madereva wao wanapita getini kwetu mara moja tu, wanapuliza sufuri, wanapewa mzigo wenye jina letu, wanakwenda. Ratiba yao anayo mwenye gari, na simu ya usiku anapiga yeye. Tuliandika mkataba mpya: muda ule ule wa kuegesha, posho ile ile ya kulala, na posho hiyo tunailipa sisi moja kwa moja kwenye simu ya dereva ili isipitie mkononi mwa tajiri. Baadhi ya wenye magari walisaini. Wengine walisema magari yao yana kazi kwingine, wakayaondoa, na msimu ule ule nikayaona yakitoka bandarini na mzigo wa kampuni jirani.